Quest 3 na TurtleBot3 Burger kwa utafiti wa AR na roboti: tathmini kwa maabara ya Dar

Kilichotathminiwa: miwani ya Meta Quest 3, roboti TurtleBot3 Burger ya Robotis yenye Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo iliyo ndani yake), ROS 2 Humble (programu ya kuendeshea roboti) kwenye laptopu ya Ubuntu 22.04, na Unity (programu ya kutengenezea picha zinazoonekana ndani ya miwani).
Matumizi: kumwonyesha mtu, kwa AR (picha za kompyuta zilizowekwa juu ya chumba halisi), roboti inakusudia kwenda wapi, ndani ya chumba cha kawaida cha maabara au ofisi.
Mahali: Dar es Salaam, pamoja na umeme wake, joto lake na vigae vyake vinavyong'aa.

Mwaka 2018, kwenye mkutano wa HRI, wa watafiti wa mahusiano ya binadamu na roboti, uliofanyika Chicago, kundi la Daniel Szafir, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, liliwavisha watu miwani ya HoloLens na kuwapa kazi ya kutunga shanga huku droni ikizunguka eneo hilohilo. Walioiona njia ya droni ikiwa imechorwa hewani kabla haijapita walipanga kazi yao vizuri kuliko waliokuwa wakibahatisha kwa kuikodolea macho. Mwaka mmoja kabla, Eric Rosen, Stefanie Tellex na wenzao wa Chuo Kikuu cha Brown walifanya jaribio la jamii hiyo kwa mkono wa roboti. Waliovaa miwani walitabiri mwendo wa mkono kwa usahihi uliozidi kwa asilimia 16, na kwa muda pungufu kwa asilimia 62, wakilinganishwa na waliotazama skrini.

Kazi ya namna hii inarudiwa Dar leo bila bajeti ya Marekani, na seti iliyotajwa hapo juu inatosha. Ila fedha nyingi utazilipa kwenye miwani, na siku nyingi zitapotelea mahali pengine kabisa: kuzilinganisha ramani mbili, kuweka saa sawa na kuifanya ruta itulie.

Tuanze na usichopaswa kununua. HoloLens 2 ndiyo iliyotumika katika makala nyingi za fani hii, na bado zinauzwa zilizotumika. Microsoft iliacha kuitengeneza mwaka 2024 na masasisho ya usalama yanakoma mwisho wa 2027. Ilitoka kwa dola 3,500, na eneo inaloweza kuchora ni nyuzi 52 tu kwa mshazari, kwa hiyo ukiikaribia roboti ya sakafuni mshale unaoonyesha njia yake unakatwa nusu na inabidi uinamishe shingo kuutafuta. Ina sifa moja ambayo Quest haina: lenzi zake zinapitisha mwanga. Betri ikiisha, chumba bado unakiona. Quest inakuonyesha chumba kwa kamera, na ikizima ni giza totoro. Kwa Burger hilo halina madhara, maana ina uzito wa kilo 1 na mwendo wake hauzidi mita 0.22 kwa sekunde. Mwisho wa yote itakugonga kifundo cha mguu. Kwa mkono wa roboti wa kiwandani, kitufe cha dharura kishikwe na mtu wa pili asiyevaa miwani. Hilo liandikwe kabisa kwenye ombi la kibali cha maadili ya utafiti.

Quest 3 yenyewe ilitoka Oktoba 2023. Ina gramu 515, betri ya saa mbili na ushee, na kamera mbili za rangi zinazokuonyesha chumba vizuri kiasi cha kutembea, kukaa na kuchukua kikombe. Maandishi madogo ya mbali hayasomeki, kwa hiyo usitegemee mshiriki asome namba za kwenye kompyuta iliyo ng'ambo ya chumba. Mwishoni mwa 2024 ile ya GB 512 ilishuka hadi dola 499 kwa bei ya kwao. Quest 3S, iliyoanzia dola 299, ina chipu hiyohiyo, lakini lenzi ni za aina ya zamani na haina kihisi cha kina, kinachosaidia miwani kujua kitu kipi kiko mbele ya kingine. Ikiwa roboti haitapita nyuma ya meza wala kiti, 3S inatosha. Ikiwa itapita, chukua 3, kwa sababu mshale unaoonekana juu ya meza wakati roboti iko chini yake unamchanganya mshiriki, na dodoso litaupima mkanganyiko huo badala ya kupima ulichokusudia.

Mambo matatu ya hali ya hewa na umeme wetu. Kwanza, taa za tyubu zinacheza kwa kufuata umeme wa Hz 50, na picha ya chumba ndani ya miwani inaweza kuanza kupepesa. Ingia kwenye mipangilio ya ufuatiliaji wa mwendo, uache ile ya kujichagulia, uweke 50. Pili, jasho. Bila kiyoyozi lenzi hufunga ukungu kabla jaribio halijafika katikati. Pangaboi husaidia, ila linapeperusha pazia, na pazia lina kesi yake na laida (kihisi cha roboti kinachopima umbali kwa mwanga), tutaifikia. Nunua kitambaa cha uso cha silikoni kinachofutika na ukifute kwa vitambaa visivyo na spiriti baada ya kila mshiriki. Tatu, miwani isiachwe kwenye kiti karibu na dirisha huku lenzi zikitazama juu. Jua likipita kwenye lenzi linaunguza skrini ndani ya muda mfupi, na doa lile halitoki.

Mkanda wa kawaida wa Quest haukufikiria rasta nene wala kilemba. Kwa hijabu hakuna tatizo, mkanda unakaa juu ya kitambaa. Kwa nywele zilizofungwa juu, mkanda wa kukaza kwa gurudumu la nyuma ni rahisi zaidi, na unampunguzia mshiriki uzito wa mbele. Usimwache mtu akamilishe jaribio miwani ikiwa imepinda: picha inakuwa na ukungu, na yeye, kwa adabu, atakuambia iko sawa.

Sasa roboti. Burger ni chaguo zuri si kwa sababu ina nguvu, bali kwa sababu kila kipimo chake kinajulikana: magurudumu yenye nusu kipenyo cha milimita 33, umbali wa milimita 160 kati yao, laida juu kabisa, bodi ya OpenCR inayoendesha mota, betri ya LiPo (ya lithiamu) ya volti 11.1 yenye mAh 1800. Mtengenezaji anaahidi saa mbili na nusu za kutembea. Wakati wa kuandika programu tumia adapta ya volti 12 inayokuja nayo, betri uitunze kwa siku ya washiriki. Ikianza kulia, iondoe. LiPo ya seli tatu ikishushwa chini ya volti 9 imekwisha habari yake. Ya kukaa kabatini iachwe kwenye volti 11.4 hivi, na chaja isiachwe peke yake usiku.

Kinachoudhi ni goroli ya nyuma. Kwenye vigae vilivyopigwa deki asubuhi inakusanya vumbi na nywele, inakwama, roboti inavuta upande, na hesabu ya magurudumu inadanganya. Isafishe kila siku ya kazi. Ukiweza, tandika zulia jembamba la plastiki lisilong'aa.

Na laida. Inapiga mwanga chini ya sentimita 20 kutoka sakafuni, kwa hiyo meza kwake ni miguu minne tu. Kioo haikioni. Milango ya aluminiamu yenye vioo hadi chini, iliyojaa kwenye ofisi za Dar, kwake ni uwazi, na roboti itapanga njia ipite humo bila wasiwasi wowote. Bandika karatasi ya kaki kwenye sentimita 30 za chini za kioo. Pazia refu lifungwe au liondolewe: kwenye ramani lilikuwa ukuta, feni ikiwashwa ukuta unatembea, na roboti inaanza kuamini kuwa imehama.

Kisha linakuja lile ambalo makala za utafiti hulimaliza kwa sentensi moja: kulinganisha. Roboti ina ramani yake, iliyotengenezwa na laida. Miwani ina ramani yake, iliyotengenezwa na kamera. Hazijuani. Mshale unaouchora utakuwa wa kweli kwa kiasi tu ambacho umeziunganisha.

Kosa la kwanza ni la mihimili. ROS ina x mbele, y kushoto, z juu. Unity ina z mbele, x kulia, y juu. Kwa hiyo x ya ROS inakuwa z ya Unity, z ya ROS inakuwa y, na y ya ROS inakuwa x baada ya kugeuzwa alama. Ukisahau kugeuza alama, roboti inakata kushoto na mshale unakata kulia. Kifurushi cha ROS-TCP-Connector cha Unity kina kigeuzi tayari. Kitumie kila mahali au usikitumie kabisa. Wanaoumia ni wale wanaogeuza nafasi kwa kigeuzi na mzunguko kwa mkono.

Kosa la pili ni la pembe. Njia inayovutia ni kubandika alama moja ya AprilTag (mchoro wa miraba unaofanana na QR) ukutani na kuisoma kwa kamera ya miwani, jambo ambalo Meta ililiruhusu kwa waandishi wa programu mwaka 2025. Alama moja inatoa nafasi nzuri na pembe mbaya. Pembe ikikosewa kwa nyuzi 2 tu, mshale ulio mita 3 kutoka kwenye alama utakuwa umepotea kwa sentimita 10, yaani zaidi ya nusu ya upana wa Burger. Mshiriki ataona mstari ukipita kando ya roboti na atauliza kama kuna roboti nyingine.

Njia isiyo na mbwembwe inashinda. Bandika misalaba miwili ya solotepu sakafuni, mita 3 au zaidi kati yake. Iendeshe roboti kwa kibodi hadi katikati ya ekseli ya magurudumu ikae juu ya msalaba wa kwanza, soma nafasi yake kwenye ramani, andika. Fanya hivyo kwa wa pili. Kisha gusa misalaba hiyohiyo kwa rimoti ya Quest na urekodi. Pointi mbili zinatosha kupata mhamo na pembe, na hata kila mguso ukikosea kwa sentimita 1, kosa la pembe halifiki nusu nyuzi. Angalizo: nafasi inayoripotiwa ya rimoti si ncha unayoigusisha chini. Tengeneza kiti cha kadibodi kinachoishika wima, pima tofauti kwa rula, uiingize kwenye hesabu. Weka na msalaba wa tatu ambao hauhusiki na hesabu yoyote. Kila asubuhi mwambie Unity achore duara juu yake. Duara likiwa nje ya msalaba kwa zaidi ya sentimita 3, rudia zoezi kabla mshiriki wa kwanza hajaingia.

Urefu wa sakafu nao usipuuzwe. Miwani ikidhani sakafu iko sentimita 5 juu ya ilipo, mtu ambaye macho yake yako mita 1.6 kutoka chini ataona nukta ya mita 3 mbele ikiwa imesogea karibu sentimita 10. Kwake haielei, inaonekana tu iko mahali pengine. Weka sakafu upya kwa kuigusa kwa rimoti, usikubali kile miwani inachokisia.

Halafu kuna kitufe. Mshiriki akibonyeza na kushikilia kitufe cha Meta cha rimoti ya kulia, miwani inaweka upya mwelekeo wa dunia yake, na mishale yote inahama. Atakibonyeza, hasa ukimwambia asikibonyeze. Dawa ni kuchukua rimoti baada ya kulinganisha, kumwachia atumie mikono, na kufunga kila kitu kwenye nanga ya eneo, yaani nukta ya chumbani ambayo miwani inaikumbuka. Meta inashauri vitu visiwe zaidi ya mita 3 kutoka kwenye nanga, kwa hiyo chumba kikubwa kinahitaji zaidi ya moja. Kuta nyeupe tupu zinaipa miwani shida ya kushika mahali. Bandika mabango, kalenda, khanga, chochote chenye michoro.

Mtandao wa chuo usiutumie. Mingi inazuia kifaa kimoja kuongea na kingine, na ROS 2 inategemea vifaa kutafutana vyenyewe. Nunua ruta ya bei nafuu yenye GHz 5, iunganishe laptopu kwa waya, roboti na miwani kwa waifai. Intaneti haihitajiki baada ya usajili wa kwanza wa miwani. Huo unataka akaunti ya Meta, simu, na sasisho linalokula GB kadhaa za bando. Kiunganishi cha Unity, kwa upande wa laptopu, kinasikiliza kwenye mlango namba 10000; kama ngome (firewall) ya Ubuntu imewashwa, ufungue.

Usitume video. Picha ghafi za 640 kwa 480 mara 30 kwa sekunde ni megabiti 221 kwa sekunde, wakati data zote za laida ni kilobaiti 15 hivi kwa sekunde. Miwani inahitaji mambo matatu tu: nafasi ya roboti, njia iliyopangwa na lengo.

Umeme ukikatika linatokea jambo ambalo halimo kwenye mwongozo wowote. Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri. Ikiwaka bila intaneti inaendelea na saa ya zamani, laptopu iko kwenye saa ya kweli, na ROS inakataa kuunganisha data za nyakati mbili tofauti. Roboti imewaka, taa zinawaka, ramani haisogei, na ujumbe wa kosa unazungumzia kukisia wakati ujao. Watu hubomoa programu nzima wakitafuta kosa ambalo ni la saa. Weka moduli ya saa yenye betri ya DS3231, inapatikana kwa wauza vifaa vya elektroniki, au uifanye laptopu iwe mtoa saa kwa programu ya chrony. UPS ndogo kwa ruta na laptopu ni ya lazima, si anasa.

Kuhusu cha kuchora: njia ya Nav2, programu ya ROS inayoiongoza roboti, hupangwa upya mara moja kwa sekunde, kwa hiyo mstari unarukaruka usipolainishwa. Kibaya zaidi, roboti haifuati mstari ule kwa usahihi. Kidhibiti chake cha karibu kinakata kona. Ukichora mpango mzima hadi kwenye lengo unamwonyesha mtu ahadi ambayo roboti haitaitimiza. Chora kwa rangi nzito sekunde 2 zijazo kutoka kwa kidhibiti, ambazo kwa Burger hazizidi sentimita 44, na uliobaki uufifishe. Kundi la Szafir lilijaribu miundo minne, kuanzia mstari wenye nukta za njia hadi jicho kubwa linalotazama droni inakokwenda. Kwa roboti ya sakafuni anza na mstari na mshale, jicho liache.

Dodoso linastahili muda mrefu kuliko linaopewa. NASA-TLX, inayopima uzito wa kazi, ina vipengele sita na SUS, inayopima urahisi wa kutumia, ina maswali kumi. Zote zinatafsirika bila maumivu makubwa. Godspeed, inayopima kama mtu anaiona roboti kuwa hai au mashine, ni hatari kwa Kiswahili kwa sababu ya upatanisho. Ukiandika "roboti anaelekea wapi?" umeshampa mshiriki jibu: umemwambia ni kiumbe. Ukiandika "roboti inaelekea wapi?" umemwambia ni chombo. Kwa Kiingereza swali hilo linapita bila kugusa chochote; kwetu kiambishi kimoja kinabeba jambo lilelile unalotaka kulipima. Chagua "inaelekea" kwenye maandishi yote, wasimamizi wa jaribio nao waelekezwe hivyo, kisha rekodi washiriki wenyewe wanasemaje. Mtu aliyeanza na "inapita" na kumaliza na "ananikwepa" amekupa data nzuri kuliko mizani yoyote ya 1 hadi 5. Hakuna maabara ya Boulder inayoweza kuipata.

Ukiwa na miundo minne ya kulinganisha, mpangilio wote unaowezekana ni 24, kwa hiyo washiriki 24 wanakaa vizuri. Kila mmoja anahitaji kama saa moja pamoja na kuzoea miwani, na betri ya Quest inawatosha wawili mfululizo kwa shida, kwa hiyo ichajiwe katikati. Kamera za miwani zinawaona watu na chumba, hivyo fomu ya ridhaa iseme picha zinahifadhiwa wapi na zinafutwa lini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata kama ni mradi wa mwanafunzi.

Ununuzi. Meta haiuzi rasmi Tanzania, kwa hiyo dhamana ni ya muuzaji aliyekuuzia, au haipo. Miwani ya Kariakoo iwashwe mbele yako: angalia doa la jua kwenye lenzi zote mbili, na hakikisha akaunti ya mwenye nayo wa awali imeondolewa. Roboti iagizwe ikiwa na betri yake ndani ya boksi moja. Betri ya lithiamu inayosafiri peke yake kwa ndege ina masharti makali zaidi na mara nyingi ndiyo inayobaki nyuma. VAT ya asilimia 18 inahesabiwa baada ya usafiri, bima na ushuru kujumlishwa, si kwenye bei ya tovuti. Chaja nyingi huja na pini bapa mbili. Nunua adapta nzuri ya pini tatu, zile za elfu mbili zinalegea na kutoa cheche.

Asiye na fedha ya miwani aanze na simu inayokubali ARCore, mfumo wa AR wa Google, akiangalia kwanza orodha ya Google, kwani simu nyingi za bei ya chini hazina jairoskopu, kihisi cha kugeuka kwa simu. Kulinganisha ni kulekule, mishale ni ileile, ila mikono ya mshiriki inakuwa imeshika simu, kwa hiyo jaribio la kutunga shanga halifanyiki.

Na kadi ya SD ya roboti itaharibika siku umeme utakapokatika wakati inaandika. Ikishafanya kazi vizuri, siku hiyohiyo nakili kadi nzima kwenye kadi ya pili, uiandike tarehe kwa kalamu, uibandike kwa solotepu chini ya roboti.